Kipulizio Kisicho na Alama

9 Januari

Shikamoo Mjomba,

Natumaini lile shavu lililovimba limepoa. Huku hakuna mgonjwa. Kaka amehamishwa kazi tena, safari hii mtaa mmoja na wakwe zake, na ananiandikia kwamba hajui kama amepandishwa cheo au ameadhibiwa. Mama anakusalimu, na anauliza kwa nini hupokei simu. Anasema inaita mpaka inachoka yenyewe.

Sanduku lilifika tarehe tano likiwa limefungwa mafundo mengi ajabu, mengine juu ya mengine, hata ikanibidi niyakate kwa mkasi wa kazini. Sijui nikushukuru vipi. Saksafoni yako sasa inalala kitandani, na mimi ninalala ukingoni.

Nije kwenye jambo lenyewe. Kiti ulichokiacha kwenye bendi mwezi Novemba bado kiko wazi. Kiongozi wenu, mnayemwita Nusu Toni kwa sababu husikia kosa kabla halijatendeka, atasikiliza wapigaji tarehe 14 Juni. Nafasi ni moja, na ninaitaka. Kwa miaka sita nimepiga saksafoni za kuazima, na kila niliposhindwa nilisema chombo si changu. Kisingizio hicho sasa kimekwisha. Nina chombo ambacho watu walikuwa wakiacha kula ili wakisikilize, na mikononi mwangu kinalia kama mtu anayezungumza ndani ya blanketi. Noti za chini zinagugumia, kisha zinaruka juu kama mbuzi aliyeona shimo. Nimemulika vifuniko vyote kwa taa, kimoja kimoja, na hakuna kinachovujisha hewa. Mimi ni msaga lenzi. Kukagua ndiyo kazi yangu. Basi kosa ni langu, na naomba unieleze liko wapi.

Fundi cherehani anayekaa chini yangu hugonga dari kwa mpini wa ufagio ninapofanya mazoezi. Jana nilishuka kumwomba radhi. Akaniambia, “Mimi sikugombezi, mwanangu. Nakusaidia mapigo.”

Ni mimi mpwa wako.


30 Januari

Mpwa wangu,

Marahaba. Shavu limepoa. Simu yangu ina kasoro kwenye spika. Fundi ameifungua na kuirudisha vilevile, kwa hiyo tuandikiane. Barua ina fadhila moja, kwamba hakuna anayeweza kukukatiza. Mwambie kaka yako kwamba mtu akihamishiwa karibu na wakwe ameadhibiwa, hata akipewa ofisi yenye zulia.

Hao walioacha kula, wengi wao walikuwa wameshiba. Usijenge chochote juu ya sifa zangu. Na kwa kuwa mwaka jana uliniuliza mara mbili kwa nini nimeacha kupiga: ni mgongo. Chombo ni kizito, na mkanda wa shingoni hauna huruma.

Sasa sikiliza. Kile kipulizio, kipande cheusi unachotia kinywani, kina uwazi wa milimita mbili na nusu kati ya ncha yake na tete, ule utepe wa mwanzi unaotetemeka. Uwazi huo ni mkubwa, kwa hiyo tumia tete laini, namba mbili na nusu, si zaidi. Ukifunga tete gumu utapigana nalo na litakushinda. Kila siku, kabla ya wimbo wowote, piga noti ndefu kwa dakika arobaini: moja moja, kuanzia ile isiyosikika mpaka ile inayojaza chumba, kisha urudi. Legeza taya. Wengi hudhani saksafoni hupigwa kwa vidole. Hupigwa kwa tumbo, na huharibiwa kwa meno.

Chombo nimekupa. Sauti haipewi mtu.

Mjomba wako.


3 Machi

Shikamoo Mjomba,

Mama analalamika goti, lakini analalamika akiwa amesimama, kwa hiyo sina wasiwasi. Kazini tumepata oda ya miwani ya shule nzima, na mwenye duka ameniruhusu nifanyie mazoezi kwenye stoo ya lenzi saa za chakula cha mchana, kwa sharti kwamba nisivunje kitu. Juzi alisukuma mlango akaniuliza kwa upole, “Wateja wanataka kujua kama huku nyuma kuna mgonjwa. Niwaambie nini?” Nikamwambia awaambie anaendelea vizuri. Akasema, “Siwezi kuwadanganya wateja.”

Nimefuata maagizo yako bila kuruka hata siku moja. Matete namba mbili na nusu, dakika arobaini, taya imelegea kama ya mtu anayesinzia. Hali imekuwa mbaya zaidi. Noti za chini sasa zinatoka, lakini zikitetemeka. Nikipanda juu, sauti inajifunga kabisa, kama mlango uliosukumwa na upepo. Tete linagandamana na kipulizio na hewa haina pa kupita. Nimemaliza maboksi matano. Mdomo wa chini una kidonda ndani, na ninapokunywa chai ninakukumbuka.

Nimejisemea kila neno ambalo mpigaji hujisemea: huna pumzi, huna sikio, umeanza ukiwa mkubwa mno. Ninaendelea kwa sababu wewe ndiye uliyeagiza, na sijawahi kukusikia ukikosea.

Kuna jambo moja dogo. Kipulizio hiki hakina alama hata moja ya meno. Vya kuazima vyote nilivyowahi kutumia vilikuwa vimelika pale juu, hata vya wanafunzi wa mwaka mmoja. Wewe umepiga miaka thelathini na mbili. Uliwezaje?

Ni mimi mpwa wako.


22 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mpe dada yangu pole ya goti.

Alama hazipo kwa sababu nilikuwa nikibandika kipande cha mpira pale ambapo meno hukaa. Nilikibandua kabla ya kukutumia. Wapigaji wengi hufanya hivyo.

Kuhusu sauti kujifunga, unauma. Unadhani umelegeza taya, hujailegeza. Usibadili tete. Mpigaji anayebadili tete kila wiki ni kama mgonjwa anayebadili daktari kila siku: hapati nafuu, anapata mafaili. Ongeza noti ndefu ziwe dakika sitini, na uniandikie ukiwa na habari, si maswali.

Mvua imeharibu ukuta wa jikoni. Ni mzima.

Mjomba wako.


5 Mei

Shikamoo Mjomba,

Wote ni wazima. Kaka anakula kwa wakwe mara nne kwa wiki na ameanza kunenepa kwa huzuni. Nilichelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka niwe na habari, kama ulivyoniagiza. Habari ninazo mbili.

Ya kwanza. Kazini tuna kifaa cha kupimia unene wa lenzi, ambacho hakikosei kwa zaidi ya sehemu moja ya mia ya milimita. Jumatatu nilichukua kipulizio nikapima uwazi wake. Nilipima mara saba, kwa sababu mara sita za kwanza sikutaka kuamini. Si milimita mbili na nusu. Ni moja na sehemu sabini na nne za mia. Kwa uwazi mdogo namna hiyo, tete laini lazima ligandamane. Hakuna taya duniani, iliyolegea au iliyokaza, inayoweza kulizuia. Umenifundisha kwa miezi mitatu jinsi ya kupiga kipulizio ambacho sinacho. Kila ulichoandika kilikuwa sahihi, Mjomba, ila hakikuhusu chombo kilichokuwa kinywani mwangu.

Ya pili. Mama alilala kwako siku mbili mwezi uliopita. Aliporudi alinipigia simu akicheka. “Mjomba wako amefuga bata,” alisema. “Kila baada ya chai ya jioni anajifungia naye chumbani. Nimemsikia kwa masikio yangu, lakini sikumwona. Nikimwuliza, ananiambia nimezeeka.”

Mama hajui kwamba kipulizio kikipulizwa peke yake, bila saksafoni, hulia kama bata. Mimi ninajua.

Sitaki kusema neno la kukukosea heshima, na kwa hiyo nitasimama hapa. Nimetupa matete yako yote. Nimenunua namba tatu na nusu, na ninaanza upya nikiwa na wiki tano na siku tano. Kama kuna jambo unalotaka kuniambia, huu ndio wakati.

Ni mimi mpwa wako.


28 Mei

Mpwa wangu,

Dada yangu hakukosea alichokisikia. Alikosea mnyama tu.

Sina tatizo la mgongo. Mgongo wangu ungeweza kubeba saksafoni na wewe juu yake. Mwaka jana mwezi wa Novemba waling'oa meno yangu sita ya mbele, ya juu, na mwezi uliofuata wakamalizia yaliyobaki. Ndilo lile shavu ulilosikia. Walinipa meno ya bandia, na kwa kutafuna mkate yanatosha. Lakini mpigaji husikia sauti yake kwa fuvu kwanza, kisha kwa sikio. Mtetemo hupanda kutoka kwenye kipulizio, ukapita kwenye meno, ukaingia kichwani. Ukiuma kwa meno ya bandia, mtetemo unafika kwenye plastiki na kufia hapo. Nilibaki na sikio peke yake, na nilichokisikia sikukipenda. Nilimwambia Nusu Toni ni mgongo, na nikakuambia wewe hivyohivyo ili maneno yalingane.

Simu nayo ni nzima. Kasoro ni kwamba kila neno lenye s linanitoka kama pancha, na jina la chombo chetu lina s mbili.

Nilipofunga sanduku nilikuwa nimeamua kukupa vyote. Nilifunga kamba. Nikazifungua, nikatoa kipulizio changu, nikaweka cha akiba ambacho kilikuwa ndani ya droo tangu kilipotoka dukani. Nikafunga. Nikafungua, nikabadilisha. Nikafungua tena. Ndiyo sababu ya mafundo uliyoyakata.

Kwenye kipulizio changu kuna vishimo viwili vilivyochimbwa na meno yangu ya juu kwa miaka thelathini na mbili. Hakuna kitu kingine kinachokumbuka meno hayo yalikaa wapi. Jioni natia ufizi mahali pale na kupuliza, na kwa dakika kumi fuvu linasikia kitu.

Hii si sababu ya kutosha. Naieleza tu kwa kuwa ndiyo iliyopo. Nilipokuandikia juu ya tete laini, nilikuwa nimeshika kipulizio changu mkononi, nikikitazama. Sikukusudia kukupoteza, nilikuwa nikijishauri mwenyewe. Lakini ule mpira wa kubandika niliubuni kwa makusudi, kwa mwandiko mzuri, bila kufuta neno hata moja. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Kipulizio changu kimo humu, ndani ya soksi. Tumia tete mbili na nusu. Una siku kumi na saba.

Mjomba wako.


15 Juni

Shikamoo Mjomba,

Mama mzima, goti zima. Sijapata jibu la barua yangu ya Mei, na sitauliza tena.

Jana tulikuwa saba. Ukumbi wa mazoezi bila shaka unaujua kuliko mimi: viti vya chuma, dirisha lisilofungika, ile stendi ya noti iliyofungwa waya mguuni. Nusu Toni alilitazama sanduku kabla ya kunitazama mimi, na nikafahamu kuwa nilikuwa nimeingia ukumbini nyuma yako.

Nilipiga vizuri kadiri nilivyoweza. Noti ya chini kabisa ilitoka mara tatu kati ya nne. Nilipomaliza alichonga penseli kwa muda mrefu.

“Hiki chombo nakijua,” alisema. “Sauti yake siijui.”

Nikamwuliza kama ni mbaya.

“Si mbaya. Ni safi, ila ndogo. Umeijenga lini?”

“Wiki tano na siku tano.”

“Na kabla ya hapo ulikuwa unafanya nini?”

Jibu nilikuwa nalo, Mjomba. Nikarudisha chombo sandukuni, nikafunga.

Kiti amepewa mwalimu wa hesabu, ambaye sauti yake ni kubwa, haina kosa wala habari. Amepewa kwa majaribio mpaka Desemba, kisha tutasikilizwa tena. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikihesabu. Kuanzia tarehe nilipopokea sanduku mpaka tarehe nilipotupa yale matete ni miezi minne kamili. Mtu anaweza kujenga sauti kwa miezi minne.

Ni mimi mpwa wako.


24 Juni

Shikamoo Mjomba,

Kifurushi kilifika tarehe kumi na nane. Barua ndani yake ni ya tarehe 28 Mei. Muhuri wa posta ni wa tarehe 11 Juni. Katikati yake kuna siku kumi na nne. Siulizi.

Pole kwa meno. Ningesema hivyo Novemba kama ungeniruhusu. Nina hasira pia, na sitaandika kwamba zimekwisha kwa sababu hazijaisha.

Nilikifunga kipulizio chako siku ileile, kwa tete mbili na nusu. Chumba kilijaa. Ufagio haukugonga, badala yake fundi cherehani alipanda ngazi, sindano ikiwa bado kwenye kola, akasimama mlangoni. “Leo amekuja nani?” akauliza. Nikamwambia ni mjomba wangu. Akachungulia nyuma ya mlango kumtafuta.

Nilikipiga siku tano. Siku ya sita nilikaa nacho chini ya lenzi ya kukuzia, na sasa nakueleza nilichokiona. Vishimo vyako vimeachana. Meno yangu mimi yamekaribiana, kwa hiyo hayaingii humo. Yanakaa kwenye tuta lililo katikati, na yanateleza. Kwa mwaka mmoja yangechimba mahali pake, tuta lingelika, na vishimo viwili vingekuwa bonde moja lisilo la mtu. Nilijaribu hata ule mpira uliouzua, nikaukata kutoka kwenye mpira wa ndani wa tairi la baiskeli ya jirani. Unafaa kwa kuzuia meno. Lakini unaua nusu ya kile kinachopanda kichwani, na sina haja ya kukueleza hasara yake.

Kwa hiyo ninakirudisha, ndani ya soksi yako, ambayo nimeifua.

Kisha nikaweka kile cha akiba chini ya lenzi hiyohiyo. Kina mikwaruzo miwili, myembamba, huwezi kuiona kwa macho matupu. Upana kati yake ni wa meno yangu. Nimekichukia kipulizio hicho tangu Januari, na bado sikipendi, lakini ndicho ninachokwenda nacho Desemba. Ninachohitaji ni mtu wa kunishauri juu ya kipulizio hicho, si kingine.

Mwambie Mama kuhusu bata. Ameanza kumwekea makombo.

Ni mimi mpwa wako.


17 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Kipulizio na soksi vimefika. Hujakosea juu ya zile siku kumi na nne. Kifurushi kilikaa juu ya meza, kimefungwa, na kila asubuhi nilikuwa na shughuli upande usio wa posta.

Dada yangu alikuja Jumamosi. Baada ya chai nikaacha mlango wazi, nikapuliza. Alikaa ukingoni mwa kitanda akasikiliza mpaka mwisho, makombo mkononi. Kisha akasema, “Kumbe bata mwenyewe mzee,” na akanishika mkono mpaka giza likaingia.

Sasa habari zako. Shule iliyo nyuma ya nyumba yangu ina saksafoni mbili za wanafunzi. Mwalimu wa muziki ameniazima moja, pamoja na kipulizio cha aina ileile uliyo nayo, chenye uwazi uleule. Nimemfanya akipime mbele yangu. Nimekipiga kwa wiki mbili, bila meno, midomo ikiwa imekunjwa ndani juu ya ufizi. Sauti ninayotoa ni ya kutia aibu. Wanafunzi wamenipa jina ambalo mwalimu amekataa kuniambia. Lakini nimejaribu kabla ya kuandika, jambo ambalo ilinipasa kulifanya Januari.

Tete namba tatu na nusu linafaa kwa noti za chini, ila juu linachosha. Jaribu namba tatu, uliloweke mpaka liwe zito ulimini. Ingiza kipulizio kinywani zaidi ya ulivyozoea, kwa upana wa punje moja ya mchele. Ile noti ya chini kabisa, inayokukataa mara moja kati ya nne, hukataa kwa sababu unaiogopa na kuongeza pumzi. Usiongeze pumzi. Fungua koo kama mtu anayetaka kupiga mwayo mbele ya wageni na anajizuia. Jana nilifanya hivyo, na ilitoka. Ilikuwa mbaya, lakini ilitoka.

Yapo mengine ambayo siwezi kuyaeleza kwa maandishi. Lazima nisikie unachofanya. Nipigie Jumapili saa kumi jioni, saksafoni ikiwa karibu. Simu itapokelewa. Usicheke nitakapotamka jina la chombo.

Mjomba wako.